“Neno moja tu”: simu tunazowapigia walioshika usukani

Sheria za barabarani za huku Ghuba zinazidi kukazwa, na mie ni mmoja wa wanaofurahi. Falme za Kiarabu zilianza kutumia sheria yao mpya ya barabarani tarehe 29 Machi 2025. Wengi wetu tuliidaka kwa jambo moja tu, kwamba umri wa kupata leseni umeshushwa kutoka miaka 18 hadi 17, na vijana wetu wa Dubai na Sharjah wakaanza kuwahesabia wazazi wao siku. Lakini suala la simu halikulegezwa. Ukikutwa Dubai na simu mkononi huku gari linakwenda, faini ni dirhamu 800 na pointi nyeusi 4, na pointi zikifika 24 leseni inazuiliwa. Abu Dhabi, tangu Januari 2021, ina kamera zinazomtazama dereva kuona kama ameshika simu na kama amefunga mkanda. Uingereza, ambako tuna watu wengi, walikataza kushika simu kwenye usukani tangu Desemba 2003, na Machi 2022 wakaziba mwanya uliobaki. Sasa hata kupiga picha au kutafuta wimbo kwenye simu ni kosa, pauni 200 na pointi 6, na mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili anaipoteza.

Ukizitazama sheria hizi zote utaona zinaangalia upande mmoja, mkono wa dereva. Ameshika au hakushika? Hakuna inayouliza ni nani aliyepiga. Na simu, jamani, ina watu wawili. Katika jamii yetu hii iliyotawanyika Muscat, Dubai, Mombasa, Unguja, London na Toronto, yule wa upande wa pili mara nyingi ni sisi wenyewe, tumekaa kwenye zulia na kikombe cha kahawa, tunazungumza na mtu aliye kwenye mwendo. Ajali ikitokea tunasema dereva alikuwa na simu. Hatusemi alikuwa na nani kwenye simu.

Hebu tuangalie saa. Muscat iko mbele ya Mombasa kwa saa moja. Mtu wa Muscat akishasali Maghrib, akaletewa kahawa yake na tende, hapo ndipo anapowakumbuka watu wa nyumbani. Mombasa wakati huo ni jioni, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Ofisi zimefunga, magari yamebanana kuelekea daraja la Nyali, Likoni watu wanakimbilia feri, tuktuk zinapenya kulia na kushoto, matatu inasimama popote pale abiria aliponyoosha mkono. Ndugu yetu wa Toronto naye anakunywa chai yake saa tatu asubuhi, akakumbuka kwamba hajamjulia hali kakake, na kwa kakake ni jioni hiyo hiyo. Kwa hivyo nusu yetu hustarehe na kushika simu wakati ule ule ambao nusu nyingine iko barabarani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ndivyo saa zilivyokaa, na mtu akishalijua hilo anaweza kungoja mpaka baada ya Isha.

Sasa, anayepigiwa kwa nini asiiache ikalia? Hili wanaotunga sheria Ulaya wala hawalifikirii, maana kwao ni jambo jepesi, unaizima basi. Kwetu simu ya mkubwa haiachwi ikalia. Ami amepiga kutoka Arabuni, ami aliyelipa karo yako, utaachaje? Kijana anaishika, anasema, “Masalkheri ami, niko njiani naendesha.” Jibu linalotakiwa hapo ni, “Haya, ukifika nipigie.” Jibu linalotoka ni, “Sikushikilii, neno moja tu.” Na neno moja hilo, wallahi, lina wajukuu. Linaanza na hali ya bibi, linapita kwenye bei ya simiti, linaishia kwenye ugomvi wa kiwanja. Dakika kumi na mbili. Kijana amepita mataa mangapi ndani ya dakika hizo? Ami hajui, na kijana mwenyewe ukimuuliza atababaika.

Asiposhika, yanakuja ya tiki za buluu. “Nimeona umesoma, mbona kimya?” “Siku hizi umekuwa mtu mkubwa.” Nimeziona kauli hizi kwenye makundi ya ukoo mara nyingi, zinasemwa kwa mzaha lakini zinauma, na anayeumwa anajifunza kwamba ni afadhali ajibu hata kama yuko katikati ya raundabauti.

Wenzetu wa Falme za Kiarabu wana lao. Huko simu za WhatsApp hazipiti, kwa hivyo ama mtu anatumia Botim au anazoea vois. Watu wengi wanaamini vois haina madhara, kwa sababu mwenyewe ataisikiliza wakati wake. Lakini tazama dereva anavyoisikiliza hasa. Mlio umelia. Anatupa jicho, anaona jina la dadake. Anaifungua simu kwa kidole gumba, anatafuta kundi, anatafuta ule mshale mdogo, anaubonyeza, sauti haisikiki kwa sababu ya kelele za barabara, analeta simu sikioni. Vois ni ya dakika nne na jambo lenyewe liko dakika ya tatu na nusu, kwa hivyo anairudisha nyuma asikie tena tarehe ya harusi. Huyu hata hajazungumza na mtu, na ameshaitazama simu mara sita au saba. Kama dadake angeandika maneno mawili, “Harusi tarehe 14,” jicho moja kwenye taa nyekundu lingetosha, na hata hilo lingengoja.

Najua wengi watanijibu kwamba gari lao lina Bluetooth, mikono yote miwili iko kwenye usukani, sauti inatoka kwenye spika, sheria inaruhusu. Kweli, nchi nyingi sheria inaruhusu. Lakini waliochunguza jambo hili wanasema mengine, na si jana. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichapisha kwenye jarida la madaktari la New England Journal of Medicine uchunguzi wa madereva 699 waliokuwa na simu za mkononi na waliopata ajali. Walichukua bili za simu wakalinganisha saa ya mazungumzo na saa ya kugonga. Waliona hatari ya kugonga wakati mtu anazungumza ni karibu mara nne kuliko akiwa kimya. Na waliotumia simu bila kuishika hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote. Shirika la Afya Duniani mpaka leo linataja kiasi hicho hicho, mara nne.

Sababu yake imeelezwa vizuri na Profesa David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake, ambao kwa miaka mingi wamewaweka madereva kwenye gari la maabara, lenye usukani na breki na barabara ya picha mbele, wakawapima. Waliona kwamba anayezungumza na simu macho yake yanaweza kutua juu ya kitu na bado asikione. Amekitazama kabisa, lakini akili haikuwepo. Akisikiliza redio tu haimpati hivyo, kwa hivyo anayefungulia kisomo cha Qur’ani au taarabu yake asidhani namsema yeye. Kinachomla mtu ni kule kujibu, kutafuta neno, kufikiri atasema nini kuhusu kiwanja.

Mtu akiuliza, mbona abiria anaongea na dereva siku zote na hatumkatazi? Strayer na wenzake walilipima hilo pia, wakatoa matokeo mwaka 2008. Abiria yumo ndani ya gari. Anaona lori likichomoza, ananyamaza. Au anasema, “Angalia huyo!” Mazungumzo yenyewe yanapungua kasi barabara ikichafuka, wala hakuna aliyeagiza. Aliye kwenye simu haoni lori. Anaona ukuta wa sebule yake. Dereva anaponyamaza kwa sababu bodaboda imemkatia mbele, yule wa Muscat anadhani mtandao umekatika, na anapandisha sauti: “Haloo? Upo? Haloo?” Yaani ule wakati dereva anahitaji kimya kuliko wakati wowote ndio wakati anaopigiwa kelele.

Nilifundisha hesabu miaka mingi, na nilizisoma sekondari kwa mapadri ambao walikuwa hawakuachii mpaka uoneshe njia ya jibu lako, kwa hivyo mniwie radhi kwa hili. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, tuseme barabara ya Mombasa kwenda Malindi, linakata mita 22 kila sekunde. “Haloo? Upo?” ni sekunde mbili, mita 44. Gari la kilomita 120 kwa saa, mwendo wa kawaida kwenye barabara kuu za huku Oman, linakata mita 33 kwa sekunde. Sekunde tano za kutafuta vois ni mita 166, zaidi ya uwanja mmoja na nusu wa mpira, na dereva hakuutazama. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuipiga hesabu hii.

Kuna simu nyingine ambayo kwenye mabaraza yetu hatupendi kuitaja, kwa sababu ina pesa ndani yake. Wengi walioko Ghuba wamenunua kitu cha kuwaingizia chochote nyumbani: tuktuk moja ya Kisauni, Probox ya kwenda Mtwapa, walio na uwezo matatu. Wameipa mpwa au kijana wa mtaani aiendeshe. Na wao wako huku, hawaioni, wana wasiwasi. Ni wasiwasi wa haki, mali ya mtu ni jasho lake. Basi tajiri anapiga. Hesabu imefika ngapi? Uko wapi sasa hivi? Mbona leo umepitia Bombolulu? Mbona nasikia muziki? Saa hiyo hiyo anamwambia, nitumie kwa M-Pesa nione. Kijana anaendesha kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaandika namba ya siri.

Ilipokuja traka, kile kifaa kinachokuonesha kwenye simu gari lako lilipo, nilidhani simu hizi zitapungua. Zimeongezeka. Tajiri wa zamani alikuwa hajui gari liko wapi, kwa hivyo alipiga mara mbili kwa siku. Tajiri wa sasa yuko Muscat anatazama kile kidude chekundu kwenye ramani, kimesimama dakika kumi, anapiga: “Mbona umesimama?” Kikienda anapiga: “Mbona unakwenda upande huo?” Kifaa kingeweza kumpumzisha dereva, kimegeuka kengele shingoni mwake. Na huyu si mpwa anayejibu kwa adabu tu, ni mtu anayeweza kunyang’anywa ufunguo kesho asubuhi. Asiposhika, amekosa kazi.

Kenya tunaijua historia yake ya kanuni. Mwaka 2004 marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi, alizifunga matatu mikanda na vidhibiti mwendo, makanga na madereva wakavishwa sare, na nchi nzima ikaona kwamba kumbe inawezekana. Dereva akikamatwa leo Kenya anatumia simu huku gari linakwenda, faini ya papo hapo kwenye kanuni ni shilingi 2,000. Tajiri aliyempigia mara saba tangu asubuhi halipi hata senti. Michuki angekuwa hai ningependa kusikia angesema nini kuhusu hawa matajiri wa mbali, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno laini.

Nisisahau pia anayegongwa. Kenya katika miaka hii ya karibuni inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kwa mwaka, na kundi kubwa kabisa ni wanaokwenda kwa miguu. Mama anavuka na mtoto wake Bamburi, yeye hayumo kwenye mazungumzo ya kiwanja, hana habari na hesabu ya leo. Duniani kote idadi ni watu milioni 1.19 kwa mwaka, hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua.

Halafu kuna tanzia. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito zaidi na ndipo tunapojiona hatuna kosa kabisa.

Zamani habari ya msiba ilikuja kwa mguu. Alitumwa mtu mzima, mwenye busara, akabisha hodi, akakaa, akaulizia hali, akahakikisha unayepewa habari umekaa na una mtu karibu yako. Kisha ndipo akasema. Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu ule ulikuwa na sababu yake. Leo mtu anafariki saa nane, saa nane na dakika tano vois imeshafika nchi sita. Vois ya kilio. Anayetuma hawezi kusema vizuri, maskini, naye amefiwa. Lakini ile vois inakwenda kwa watu 140 kwa mpigo, na kati ya watu 140 wa ukoo wetu, saa yoyote ile ya mchana, kuna wasiopungua kumi walio kwenye usukani.

Kijana wa jamaa zetu alikuwa anatoka Ibri kurudi Muscat, peke yake ndani ya gari, safari ya kilomita karibu 300. Kabla hajafika Bahla vois ikaingia. Akaibonyeza. Ilikuwa ni shangazi yake analia na ndani ya kilio kile jina la babu, babu aliyemlea. Waliokuwemo kwenye kundi walijua kabisa kwamba yuko safarini, maana asubuhi ya siku ile, kwenye kundi hilo hilo, ndio hao waliomwombea dua ya safari. Kijana hakusimama. Angesimama wapi, na angesimama afanye nini? Aliendesha huku analia, na simu zikaendelea kuingia, kila mtu anampa pole, kila mtu anamuuliza amesikia. Alifika salama, alhamdulillahi, na akawahi kuagana na waliokuwa wanasafiri kwenda kuzika. Lakini alituambia hakumbuki kuipita Nizwa. Hakumbuki Izki wala Samail. Zaidi ya saa mbili za barabara, na malori, na kona za milimani, na yeye hana habari nazo.

Hakuna aliyeandika popote kwamba siku ile palikuwa na hatari. Haikuwa ajali, kwa hivyo haimo kwenye takwimu za mtu yeyote.

Marekani kuna mahakama iliyowahi kulitazama suala hili la upande wa pili. Katika jimbo la New Jersey kijana mmoja dereva aliwagonga mume na mke waliokuwa kwenye pikipiki, na wote wawili kila mmoja akapoteza mguu. Kijana alikuwa akijibizana ujumbe na rafiki yake. Majeruhi wakamdai fidia kijana, na wakamdai pia rafiki aliyetuma ujumbe. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaamua kwamba rafiki yule hadaiwi, kwa kuwa ushahidi haukutosha kuonesha alijua kwamba mwenzake atausoma ujumbe akiwa anaendesha. Lakini ikaweka msingi: anayemtumia dereva ujumbe, akijua au akiwa na sababu mahsusi ya kujua kwamba atautazama huku gari linakwenda, anaweza naye kudaiwa.

Uamuzi wa New Jersey haumfungi mtu Muscat wala Mombasa, na mie si wa kutaka polisi waje kumchukua khalati wa miaka 74 kwa sababu alimpigia mjukuu kumuuliza kama amekula. Sheria ya namna hiyo kwetu ingekuwa vurugu, na kuithibitisha ni kazi. Ila kipimo chenyewe nakiona ni cha haki: ulijua, au hukujua? Mara nyingi tunajua. Tumeambiwa kwa maneno, “Naendesha.” Tumesikia honi. Tumesikia ile sauti ya taa ya kukata kona, tik-tak, tik-tak. Na bado tunasema neno moja tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kampeni nyingi za usalama barabarani, zile za mabango ya “Usitumie simu uendeshapo.” Zinamwachia mzigo wote yule mdogo, dereva, kana kwamba ana uhuru wa kumkatia simu mkubwa wake. Hana. Kijana wa miaka 22 hawezi kumwambia ami “nakata” na asionekane hana adabu. Lakini ami anaweza kukata, na kijana atashukuru. Mama anaweza. Tajiri anaweza, na ndiye mwenye uwezo zaidi kuliko wote. “Uko wapi?” tunaiuliza kila siku kama salamu, jibu likitoka hatulisikilizi. Iwe ndilo swali la mwanzo, na jibu likiwa “naendesha,” aliyepiga akate yeye mwenyewe papo hapo, bila dua ndefu, bila “haya basi wasalimie.”

Akina mama wa vijana hawa wapya wa miaka 17 huko Dubai watanambia moyo hautulii. Naelewa. Mtoto amekabidhiwa gari, yuko barabarani na malori ya Sharjah, mama anahesabu dakika. Ila kumpigia ili ujue yuko salama ndiko kunakompunguzia usalama. WhatsApp tangu 2017 ina uwezo wa kumfanya mtu akuoneshe alipo moja kwa moja, kwa robo saa, saa moja au saa nane. Anaiwasha kabla hajatia ufunguo na mama anatazama ramani bila kumgusa. (Mama asifanye kama yule tajiri wa traka, lakini.) Simu za iPhone, tangu mwaka huo huo, zina mpangilio wa kuendesha unaonyamazisha ujumbe na kumjibu wenyewe aliyetuma kwamba mwenye simu anaendesha. Simu nyingine nyingi nazo zinao. Havina gharama. Shida ni kwamba kijana akiuwasha, jamaa wanalalamika kuwa amewafungia mlango, na baada ya wiki anauzima.

Vijana wa pikipiki za chakula, na bodaboda wa nyumbani wanaochomeka simu ndani ya kofia kati ya shavu na sikio, wana mkasa wao na unastahili makala yake. Kwa sasa nitasema tu kwamba ukishaagiza chakula, mwache mtu aje.

Na dharura? Hili huulizwa kila nikilizungumza. Mama amekimbizwa hospitali, nisimpigie mwanawe? Sawa, tujiulize atafanya nini akiwa darajani Nyali na gari mbele na gari nyuma. Hawezi kusaini karatasi, hawezi kuchangia damu, hawezi kuzungumza na daktari. Anachoweza ni kukanyaga mafuta. Kuna mwingine aliye nyumbani, kuna jirani, kuna aliyekaa ofisini; mpigie huyo kwanza. Kama ni lazima dereva ajue, mwambie kwa maneno mafupi asimame pembeni kisha apige, na usimpe habari mpaka akwambie amesimama na gari limezimwa.

Kundi la ukoo wetu tumekubaliana tangu ule msiba wa babu. Tanzia huandikwa, haisemwi kwa vois, na mstari wa kwanza unasema tu “Habari nzito, asome aliye nyumbani.” Anayejulikana yuko safarini anatafutiwa mtu wa kwenda kumngoja anakofikia, amwambie ana kwa ana. Matajiri watatu wa tuktuk tuliokuwa nao wamekubali kupiga mara moja, usiku, gari likishalazwa. Mmoja wao anasema mapato hayajapungua. Mzee mmoja mpaka sasa amekataa. Anasema tanzia ya maandishi ina ubaridi, mtu wako amekufa unapewa habari kama tangazo la maji kukatika. Ana haki yake, na bado tunajadiliana naye, baada ya Isha, magari yakiwa yameegeshwa.